Kuvuka Atlantiki Ukiwa Mfanyakazi wa Meli ya Kitalii: Mwongozo kwa Vijana wa Mwanza na Mwambao wa Ziwa

Kila mwaka, katika miezi ya Aprili na Mei, meli nyingi za kitalii zilizokuwa zikizunguka visiwa vya Karibi huvuka Bahari ya Atlantiki kwenda Ulaya, na ifikapo Oktoba na Novemba hurudi zilikotoka. Safari hizo, pamoja na zile za Queen Mary 2 inayokwenda na kurudi kati ya Southampton na New York kwa takriban siku saba kila upande, zinatofautiana na safari nyingine za kitalii kwa jambo moja: siku tano, sita au zaidi hupita mfululizo bila meli kutia nanga popote. Kwa abiria, huo ni muda wa kupumzika. Kwa mfanyakazi mambo ni kinyume, kwa sababu abiria wote wamo melini kutwa kucha, wanakula, wanaoga na kuhitaji kuhudumiwa, ilhali yeye hana hata saa mbili za kushuka bandarini na kukanyaga ardhi.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya kijana wa Mwanza, Sengerema, Ukerewe, Musoma au Bukoba aliyepata, au anayetafuta, kazi ya jikoni, mgahawani, dobi au usafi wa vyumba katika meli hizo. Wengi hujiandaa kwa Kiingereza cha usaili na kwa sare, na ni sawa wafanye hivyo, lakini ninavyoona mimi yapo mambo mawili yanayoamua kama mtu atavuka salama na kuumaliza mkataba wake: usingizi, na kukijua kituo chake cha dharura, yaani mahali anapopaswa kwenda ishara ya hatari inapolia. Hayo mawili nitayakalia zaidi kuliko mengine.

Hatua ya kwanza: vyeti, na pesa usizopaswa kulipa

Utahitaji pasipoti yenye muda wa kutosha, cheti cha afya cha baharia kilichotolewa na daktari anayetambuliwa kwa kazi hiyo, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na cheti cha mafunzo ya msingi ya usalama wa baharini. Mafunzo hayo, yanayotolewa na Chuo cha Bahari Dar es Salaam, yana sehemu nne: kujiokoa majini, kuzuia na kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama binafsi pamoja na wajibu wa kijamii melini. Cheti cha afya hakizidi miaka miwili, kwa hiyo usikikate mapema mno kabla ya kujua tarehe ya kuondoka. Chanjo ya homa ya manjano ipate angalau siku kumi kabla ya safari, kwa kuwa cheti chake huanza kutambulika baada ya muda huo. Kama meli itafika Marekani, mwajiri atakuandikia barua ya kuombea viza ya baharia.

Sasa suala la pesa, ambalo limeumiza familia nyingi. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, wa Shirika la Kazi Duniani, unakataza mtu kutozwa ada ya kutafutiwa au kupewa kazi ya melini. Gharama unazoweza kubeba mwenyewe ni za cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Gharama ya viza ni ya mwenye meli. Kwa hiyo wakala anayekuambia utume milioni kadhaa kwa simu ili "jina lako liingie kwenye orodha" anavunja masharti hayo hata kama ana ofisi, muhuri na picha za meli ukutani. Usiuze shamba la wazazi, wala usichukue mkopo wa kausha damu, kwa ajili ya malipo ambayo hayapaswi kuwapo. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, nenda TASAC, ambayo ndiyo inayosimamia usalama wa vyombo vya majini na vyeti vya mabaharia Tanzania Bara, uulize kuhusu wakala huyo kwa jina lake kamili.

Ukipewa mkataba, usome wote, ukiwa na mtu mzima unayemwamini kama lugha yake ni ngumu, kisha uhakikishe umebaki na nakala iliyosainiwa na pande zote mbili. Angalia muda wa mkataba, ambao kwa kazi za huduma mara nyingi ni miezi sita hadi tisa, mshahara, na kifungu kinachosema nani atalipa nauli yako ya kurudi nyumbani.

Hatua ya pili: kufunga begi

Kabini yako itakuwa ndogo, utalala kwenye kitanda cha ghorofa pamoja na mwenzako, na mara nyingi haitakuwa na dirisha. Chukua begi moja la wastani. Kitu cha thamani kuliko vyote ndani yake ni viatu vyeusi visivyoteleza, jozi mbili, ambavyo umevivaa nyumbani kwa wiki kadhaa mpaka vikauzoea mguu. Malengelenge ya siku ya pili ya safari hayaponi ukiwa umesimama saa kumi kwa siku. Ongeza saa ya mkononi ya kawaida isiyounganishwa na simu, vizibo vya masikio, dawa unazotumia pamoja na cheti cha daktari, sweta zito, na nakala za nyaraka zako zote zikiwa mbali na nyaraka zenyewe.

Dagaa waache. Najua mama atataka kukufungia, na najua utawatamani, lakini meli nyingi haziruhusu chakula cha namna hiyo kuingizwa, na harufu yake katika chumba kisicho na dirisha itakugombanisha na mwenzako kabla hamjafahamiana.

Hatua ya tatu: siku ya kupanda

Siku hiyo itakwenda kwa kasi. Pasipoti yako kwa kawaida itachukuliwa na kutunzwa na ofisi ya wafanyakazi, utapigwa picha ya kitambulisho, utapewa sare na funguo, na huenda ukaanza kazi jioni ileile. Ukubwa wa chombo utakushangaza. Meli mpya ya MV Mwanza, ambayo wengi wetu tuliitazama ikijengwa Bandari ya Mwanza Kusini, ina urefu wa mita 92.6, ilhali Queen Mary 2 ina urefu wa mita 345. Chini ya sitaha za abiria ipo korido ndefu ya wafanyakazi inayotoka karibu na omo (mbele ya meli) hadi karibu na tezi (nyuma yake), na katika meli nyingi mabaharia huiita I-95. Jifunze korido hiyo kwanza, kwa sababu sehemu zote unazozihitaji zinafikika kupitia hapo.

Kabla hujalala usiku wa kwanza, fanya jambo hili hata kama umechoka. Soma kadi iliyobandikwa kabini inayoonyesha namba yako ya dharura na kituo chako, kisha tembea kwa miguu kutoka kitandani mpaka kituoni ukitumia ngazi, bila lifti. Hesabu milango na ngazi unazopita. Rudi, kisha tafuta njia ya pili ya kufika palepale, kwa maana njia ya kwanza inaweza kuwa imejaa moshi.

Hatua ya nne: zoezi la dharura

Mtu wa Mwanza hahitaji kuhubiriwa kuhusu ajali za majini. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa karibu kabisa kufika Mwanza, mamia ya watu wakapotea, na makaburi ya Igoma yapo mpaka leo. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia Ukara, na zaidi ya watu 220 wakafa. Katika ajali zote mbili watu waliokuwamo walizidi kiwango kilichoruhusiwa. Kwenye meli kubwa ya kitalii kila anayepanda na kushuka husajiliwa kwa kadi, hivyo hatari ya kujaza watu kupita kiasi imedhibitiwa. Hatari zilizobaki ni kama moto, kugonga mwamba, na vurugu ya watu maelfu wasiojua waelekee wapi.

Hilo lilionekana tarehe 13 Januari 2012, meli ya Costa Concordia ilipogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, na watu 32 wakafa. Abiria waliopanda siku hiyo katika bandari ya Civitavecchia walikuwa bado hawajafanya zoezi la dharura. Tangu Januari 2015 kanuni za kimataifa zinataka abiria wapya wafanyishwe zoezi kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Wafanyakazi nao hufanya mazoezi mara kwa mara, na wewe hutakuwa mtazamaji katika mazoezi hayo. Unaweza kupangiwa kusimama kwenye ngazi na kuwaelekeza watu, kukagua vyumba, kuhesabu waliofika kituoni, au kuhudumu kwenye boti la uokoaji.

Ishara ya dharura ya jumla ni milio saba mifupi ikifuatiwa na mmoja mrefu, kwa honi na kwa kengele za ndani. Ukiisikia, zima moto wa jiko au mashine unayoitumia, vaa viatu vilivyofungwa na nguo nzito, chukua jaketi okozi lako, uende kituoni kwa ngazi. Jifunze kulivaa jaketi hilo ukiwa umefumba macho: lipitishe kichwani, zungusha mkanda mgongoni, funga kifungo chake mbele, kaza mpaka ngumi yako isipite kati ya jaketi na kifua. Likilegea, ukiangukia majini litapanda usoni na kukuziba pumzi. Abiria aliyetishika hatasikiliza sentensi ndefu. Atatazama mikono yako na uso wako. Sema maneno machache ya Kiingereza uliyoyakariri, kwa sauti kubwa na tulivu, ukionyesha njia kwa mkono wote.

Wengi wetu tumekua tukiogelea Capri Point, Kirumba au visiwani, na tunadhani kujua kuogelea kunatosha. Maji ya Atlantiki ya kaskazini ni baridi kiasi kwamba mwili ukizama ghafla hushtuka na kuvuta pumzi bila hiari katika dakika ile ya kwanza, na hapo ndipo hata mwogeleaji hodari hunywa maji. Ndiyo maana, ukimwona mtu ameanguka baharini, hupaswi kumrukia. Piga kelele, tupa boya lililo karibu, mwombe mtu mwingine apige simu kwa maofisa wanaoongoza meli, na wewe ubaki umemnyooshea kidole bila kuondoa macho yako juu yake. Meli kubwa huchukua muda kugeuka, na kichwa cha mtu hupotea haraka kati ya mawimbi.

Jambo la mwisho katika hatua hii linahusu milango mizito ya chuma isiyopitisha maji, iliyopo kwenye sitaha za chini unakopita kila siku. Milango hiyo husukumwa kwa nguvu ya mitambo na haisimami kwa sababu mkono wako upo katikati. Usipite bila kufundishwa na kuruhusiwa. Utakapopita, subiri ufunguke wote, shika mpini wa upande wako, fikia mpini wa upande wa pili kabla hujauachia wa kwanza, vuka ukiwa umeshikilia yote miwili katika hali ya kufungua, kisha uufunge. Usivuke ukiwa umebeba trei au unasukuma toroli, na ukisikia kengele yake na kuona taa inamweka, simama hapo ulipo hata kama umechelewa zamu.

Hatua ya tano: saa na usingizi

Ratiba za melini huandikwa kwa mtindo wa saa 24. Tangu siku ya kwanza, andika na uzungumze kwa mtindo huo huo, 0600 na 1800, hata mnapokuwa Waswahili watupu mezani, kwa kuwa ukimwambia mwenzako "saa kumi na mbili" huku kichwa kikiwa kimejaa ratiba za Kiingereza, mmoja wenu atafika kazini kwa wakati usiofaa.

Kisha saa yenyewe itaanza kuhama. Kati ya Southampton na New York kuna tofauti ya saa tano. Meli ikielekea magharibi, katika baadhi ya usiku saa hurudishwa nyuma kwa saa moja, na unapata saa ya ziada ya kulala. Ikielekea mashariki unapoteza saa moja kila mara saa inaposogezwa mbele, na hapo ndipo watu huchoka bila kujua sababu: mtu analala wakati uleule wa saa ya ukutani, zamu inaanza wakati uleule, lakini baada ya siku chache ameshakosa saa tano za usingizi. Dawa yake ni kulala saa moja mapema kila siku ambayo mabadiliko yametangazwa, hata ukikosa mazungumzo ya jioni na wenzako. Simu yako iondolee mpangilio wa kubadili saa yenyewe, maana ikinasa mtandao wa meli au wa nchi fulani inaweza kuruka na kukuamsha saa nzima mbele au nyuma. Iweke ile saa ya mkononi kwa mkono wako mwenyewe kila tangazo linapotoka, na kengele ya kuamka itegemee saa hiyo.

Fahamu pia haki yako. Katika mfumo wa saa za mapumziko, mkataba ule wa 2006 unataka baharia apate angalau saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika kila siku saba. Saa 10 hizo zinaweza kugawanywa katika vipande visivyozidi viwili, na kipande kimoja kisipungue saa 6. Kumbukumbu ya saa zako utaisaini wewe mwenyewe. Isome kwanza. Kama inaonyesha umepumzika wakati ulikuwa unasukuma toroli, mweleze msimamizi wako kwa adabu na umwombe arekebishe. Asiposikia, upo utaratibu wa malalamiko melini, na unapaswa kupewa nakala yake.

Kwa kuwa kabini haina dirisha, mwili hautajua kama ni mchana au usiku. Baada ya kuamka panda kwenye sitaha ya wazi ya wafanyakazi ukae kwenye mwanga wa jua kwa robo saa. Nasisitiza jambo hili dogo kwa sababu wanaolipuuza hukaa siku nne bila kuona jua, kisha wanashangaa kwa nini usingizi hauji na hasira ziko karibu.

Hatua ya sita: mawimbi, tumbo na mikono

Mawimbi ya ziwa letu ni mafupi na yanagonga haraka, hasa upepo unapochafuka. Ya baharini huja marefu, yakiinua meli taratibu na kuishusha, na yanaweza kuendelea hivyo usiku kucha hata pasipo upepo pale mlipo, kwa kuwa yametoka kwenye tufani ya mbali. Hivyo aliyevuka kwenda Bukoba mara nyingi bila kutapika asijiamini. Meli kubwa zina mapezi ya chini ya maji yanayopunguza kuyumba ubavuni, lakini hayaondoi kule kupanda na kushuka kwa omo.

Kama dawa ya kichefuchefu unaihitaji, imeze kabla hali haijachafuka, kwa ushauri wa zahanati ya meli, ukikumbuka kwamba nyingi huleta usingizi. Kula kidogokidogo vitu vikavu, tafuna tangawizi, na ukipata nafasi tazama mstari ambapo bahari hukutana na mbingu. Kazini, utaziona dalili za bahari mbaya mapema: mifuko ya kutapikia inatundikwa kwenye ngazi, milango ya nje inafungwa, vyombo vinahamishwa kwenye rafu za chini. Jikoni usijaze sufuria zaidi ya nusu, weka kitambaa chenye maji chini ya ubao wa kukatia, na usiache kisu juu ya meza hata kwa sekunde.

Hatari nyingine ni ugonjwa wa kutapika na kuhara unaosababishwa na virusi vya noro, ambavyo huenea haraka sana mahali watu wanapoishi na kula pamoja. Vitakasa mikono vya kilevi haviviui ipasavyo; nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20, ukisugua kati ya vidole na chini ya kucha. Ukianza kuumwa, nenda zahanati mara moja. Utatengwa, kwa kawaida mpaka saa 48 zipite baada ya dalili kuisha, na wala usifiche ukihofia kuonekana mvivu. Mpishi mmoja anayeficha kuhara anaweza kuwalaza mamia.

Hatua ya saba: simu ya nyumbani

Marekebisho ya mkataba wa 2006 yaliyoanza kutumika Desemba 2024 yanawataka wenye meli wawawekee mabaharia mawasiliano ya intaneti kadiri inavyowezekana, na kama kuna malipo, yawe ya kiasi. Hata hivyo, usiwaahidi wazazi kwamba utapiga kila siku. Waambie kabla hujaondoka kwamba katikati ya bahari unaweza kukaa kimya, na kwamba ukimya huo si habari mbaya. Waonyeshe pia tofauti ya saa: melini ikiwa 2200 nanyi mko saa tatu nyuma ya saa ya Greenwich, Mwanza ni saa kumi alfajiri. Ukimwamsha mama wakati huo, kabla hujamaliza "shikamoo" atakuwa ameshauliza nani amekufa.

Hatua ya nane: nchi kavu

Usiku wa mwisho abiria hutoa mabegi nje ya vyumba, na kesho yake asubuhi wanashuka wote huku wengine wakija siku hiyohiyo. Kwa watu wa vyumba na mizigo, hiyo ndiyo siku nzito kuliko zote za safari, kwa hiyo usiku wake usikeshe. Bandarini Marekani, wafanyakazi huweza kuitwa alfajiri kwa ukaguzi wa uhamiaji; vaa sare safi, jibu unaloulizwa tu, na usisahau kwamba kibali cha baharia kushuka hakizidi siku 29 na si ruhusa ya kubaki wala kufanya kazi nchini humo.

Ukipata saa chache za kushuka, soma ubao wa gangwei (daraja la kushukia na kupandia meli) unaoonyesha muda wa mwisho wa wafanyakazi kurudi, ambao huwa mapema kuliko wa abiria, na uupige picha. Linganisha saa yako ya mkononi na saa iliyopo hapo mlangoni, kwani saa ya meli na saa ya mji si lazima zifanane. Tuma pesa nyumbani kwanza, kisha ndipo ununue unachotaka, na uwe umerudi melini nusu saa kabla ya muda ulioandikwa.